Nilichukua Moja, Zikapungua Mbili

Nafula binti yangu,

Umetoka tangu asubuhi kwenda kumuaga nyanya yako, na ninavyomjua mama yangu, hatakuachilia kabla hujala mara mbili. Kwa hiyo nina mchana mzima wa kuandika. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa mkoba ulipoweka pasipoti, nawe utaisoma ukiwa angani, mahali ambapo huwezi kunikatiza wala kunipigia simu ukilia. Usiniambie huwa hulii. Mimi ndiye niliyekufuta kamasi siku kuku wako wa kwanza alipochinjwa.

Mambo ya kawaida mama yako ameshakuambia yote. Nambari za simu zimeshonwa kwenye pindo la sketi, dawa za tumbo zimo kwenye soksi, na unajua la kufanya ukinyimwa simu. Siwezi kumshinda kwa hayo. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka saba.

Unakumbuka Jumapili uliponisomea mkataba wako? Ulisoma vizuri, sauti juu, kama ulivyokuwa ukisoma somo kanisani. Ulipofika kwenye anwani, "Al-Nuzha, Jeddah," niliinuka mezani nikaenda kusimama kwenye zizi, na sikurudi mpaka chakula kikapoa. Ulidhani nimekasirika kwa kuwa ulitia sahihi bila kuniuliza. Nilikusikia ukimwambia mama yako, "Baba si alienda? Mbona mimi nisiende?" Swali zuri. Nilikosa uso wa kulijibu.

Familia inayokuchukua si ile niliyoijua mimi. Nimelisoma jina lao mara tatu, hata nikampigia ajenti wako na kujifanya nauliza mambo ya tiketi. Ni watu wengine, nyumba nyingine. Tulia.

Nilipofika Riyadh kwa kazi ya udereva nilipata bosi ambaye wenzangu wote walinionea wivu. Alikuwa mhandisi mstaafu, mjane, hana mtoto, akiishi kwenye fleti ya zamani mtaa wa Malaz. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi, aliifuatilia mwenyewe, pasipoti akaniachia niishike, na ukimwambia una homa alikuletea dawa mlangoni. Kwa hiyo usidhani nakusimulia habari za bosi mkatili, kafili kama wanavyomwita kule. Ingekuwa hivyo, ningekuwa nalala vizuri.

Mara moja kila mwezi aliniambia, "Barasa, yalla, Jeddah," nasi tukaondoka baada ya sala ya alfajiri. Ni safari ya siku nzima, jangwa kulia, jangwa kushoto. Huko Al-Nuzha alikuwa na nyumba ya ghorofa moja ambayo madirisha yake hayakufunguliwa kamwe. Ndani aliishi mtumishi peke yake, dada wa Kwale aitwaye Mwanaisha, aliyelipwa kufuta vumbi kwenye vyumba visivyokaliwa na mtu. Mimi nililala chumba cha dereva, nje, karibu na lango. Mwanaisha aliniita kaka Barasa tangu siku ya kwanza, na nilifurahi sana kusikia Kiswahili kitamu kama chake baada ya wiki nyingi za Kiarabu cha kukatwa kauli, "mafi" na "halas", hakuna na basi.

Siku hiyo ya kwanza, magharibi, bosi aliniita ndani. Kwenye chumba cha kulia kulikuwa na meza ndefu, na upande mmoja kumetandikwa sahani moja, uma mmoja na glasi moja yenye mguu. Mbele ya glasi ilisimama chupa. Nilishtuka. Nchi ile, Nafula, watu hufungwa kwa kitu kama kile. Bosi akanipa kizibuo akasema, "Wewe Mkristo. Fungua, mimina glasi moja, utoke."

Nilimimina. Mwanaisha alisimama mlangoni amejifunika pua kwa mtandio, midomo ikimchezacheza kwa dua. Mvinyo wenyewe haukuwa mweusi kama nilivyotarajia. Ulikuwa mwekundu mwangavu, na pembeni mwa glasi ukielekea rangi ya tofali. Ulinukia zambarau zilizokauka na udongo wa mvua ya kwanza. Nilijikuta nimesimama pale nikiunusa mpaka bosi akakohoa.

Habari yake alinieleza njiani tukirudi Riyadh, mwenyewe, bila kuulizwa. Alisomea uhandisi Italia ujanani, akaoa binti wa mkulima wa huko milimani. Mkwewe alilima zabibu za aina moja tu, Sangiovese, na alikataa katakata kuzichanganya na nyingine. Majirani walichanganya, kwa sababu zabibu hiyo ngozi yake ni nyembamba, huchelewa kuiva, na mwaka ukiwa mbaya mvinyo wake huonyesha wazi. Mzee alisema ndiyo sababu anaipenda. Wazee wa huko husema jina lake maana yake ni damu ya mungu wao wa kale. Yule binti alipohamia Jeddah, chupa za baba yake zilikuja zimefichwa katikati ya mablanketi, kila moja ikiwa na karatasi iliyoandikwa mwaka kwa mkono. Bosi alizifungia stoo, chini ya ngazi. Yeye hakunywa, na kumwaga hakuthubutu.

"Alipougua, aliniomba glasi moja," aliniambia. "Ya baba yake. Aionje tu. Nikasema haramu, nikasema majirani, nikasema daktari. Wiki haikuisha." Nilimwona kwenye kioo amegeukia dirishani. "Nilimnyima, Barasa. Sasa nampa."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kila mwezi chupa moja, glasi moja, na kiti kitupu. Bosi alikaa upande wa pili wa meza na chai yake kidogo, kisha akafunga mlango wa chumba kwa ufunguo na kwenda kulala. Asubuhi Mwanaisha alifungua kuondoa vyombo, akaimwaga ile chupa kwenye sinki. Lakini kwenye glasi hakukuwa na cha kumwaga.

"Kaka Barasa, wallahi glasi i tupu," aliniambia asubuhi moja, akiwa ameishika kwa mfuko wa plastiki. "Kila mwezi i tupu. Yanywewa na nani?"

"Na paka," nikasema.

"Paka gani? Humu hata mende hamna!"

"Basi ni mzee mwenyewe. Unafikiri watu wazima hawana siri?"

Nilicheka sana. Yeye hakucheka. Aliniambia mzee akinywa angemnukia anapompa maji ya kunawa, na hajawahi kumnukia. Kiti nacho, alisema, hukikuta kimesogezwa nyuma, kama mtu aliyeshiba akainuka. Nilimwambia apunguze kahawa. Nimeandika kicheko hicho hapa kwa sababu nilimcheka mtu aliyekuwa anaogopa, peke yake, kwenye nyumba ya vyumba tisa, nami nilikuwa na safari ya kurudi Riyadh.

Sasa nifike kwangu. Unajua hapa nyumbani nilikuwa mzee wa kanisa, na ufunguo wa kabati la divai ulikaa kwangu. Kule Malaz tulikuwa tunasali Ijumaa asubuhi, Wakenya wachache, kwenye chumba cha askari mmoja wa Kericho aitwaye Kiprono. Mapazia yamefungwa, televisheni imefunguliwa sauti juu, nasi tunaimba kwa kunong'ona. Hujawahi kusikia watu wazima wakiimba nyimbo za kanisa kwa kunong'ona. Mwili husisimka. Siku ya meza ya Bwana Kiprono alitupa juisi ya zabibu ya paketi, tamu kama ya watoto, na kila nilipoinywa niliona aibu. Nikajiambia Mungu anastahili divai ya kweli. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu yenyewe ni kwamba nilitaka ndugu wanione mimi ndiye niliyeileta.

Safari iliyofuata nilimwomba Mwanaisha ufunguo wa stoo. Nilimwambia natafuta jeki ya gari. Alinipa bila kuinua macho kutoka kwenye unga aliokuwa akiukanda. Chini ya ngazi kulikuwa na baridi ambayo haikutoka kwenye kiyoyozi chochote, maana stoo haikuwa na kiyoyozi. Nilichukua chupa moja, ya mstari wa nyuma. Moja, Nafula. Niliizungushia shati langu nikailaza chini ya gurudumu la akiba, nikamrudishia Mwanaisha ufunguo na kumwambia jeki sijaiona.

Siku ya pili tulirudi. Kwenye kila kizuizi cha polisi nilikuwa nimeshika roho mkononi, na bosi wangu amelala kiti cha nyuma bila habari kwamba nimemfungisha safari na kifungo chake na changu. Chupa ilikuwa nzima, kizibo hakijaguswa, nilihakikisha baadaye. Lakini tangu Taif mpaka Riyadh gari lilinuka zambarau na udongo. Bosi aliamka mara moja, akavuta pumzi, akaita jina la mkewe, akalala tena.

Ijumaa tulikuwa watu kumi na mmoja. Nilimimina kwenye vikombe vidogo vya plastiki. Ulikuwa mchachu, ulishika ulimi kama ndizi mbichi, kisha ukafunguka kooni ukawa mtamu kwa mbali. Dada mmoja alianza kulia na hakuweza kutuambia kwa nini. Tulipokuwa tukiondoka mmoja mmoja, kama ilivyo desturi ili majirani wasishuku, Kiprono alinishika mkono.

"Barasa, umetoa hii wapi?"

"Si umeshaiombea baraka? Kwani kuna nini?"

"Usilete tena. Nilihesabu vichwa wakati wa maombi. Tulikuwa kumi na wawili."

Nilimwambia amehesabu vibaya. Alinijibu kwamba kazi yake ni kuhesabu watu wanaoingia na kutoka, miaka sita sasa, na hajawahi kukosea.

Mwezi uliofuata bosi alishuka stoo kama kawaida. Alikawia. Alipopanda uso wake ulikuwa wa mtu mwingine. Alituita jikoni, mimi na Mwanaisha.

"Zimepungua mbili," akasema.

Nilitaka kusema mbili vipi. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Kwa sababu mtu anayesema "mbili vipi" anakuwa ameshasema moja, nililimeza. Bosi alinitazama mimi kwanza, na ninakula kiapo kwamba kama angeniuliza ningejibu. Nadhani ningejibu. Lakini hakuniuliza. Alisema, "Wewe hapana. Wewe mtu wa Mungu." Kisha akamgeukia Mwanaisha, ambaye ufunguo ulikuwa kiunoni mwake.

"Mimi sinywi, baba," alisema Mwanaisha. "Mimi ni Mwislamu kama wewe. Sijagusa. Ni yeye mwenyewe mama ndiye achukuaye!"

Ungeona uso wa yule mzee. Nadhani kama angesema ameziiba akaziuza, angesamehewa. Kumtaja marehemu ndiko kulikommaliza. Mwanaisha akanigeukia mimi, kidogo tu, kisha akainamisha macho, kwa heshima, kwa kuwa mimi ni mkubwa kwake na si adabu kumkodolea kaka yako. Kama angenitazama kwa nguvu kidogo zaidi ningevunjika. Alinistahi, na mimi nikaitumia heshima yake kujifichia. Nilijitia hamnazo, nikaangalia sakafu, na sakafu ilikuwa safi kwa sababu ya mikono yake.

Kwa polisi bosi hakuthubutu kwenda. Angesema nini kuhusu zile chupa? Alimrudisha kwenye ofisi ya ajenti na neno moja tu, kwamba anakunywa. Na aliyempeleka, mwanangu, ni mimi. Mimi ndiye dereva. Nilimbebea begi mpaka kwenye buti. Alikaa nyuma na macho makavu, na tulipofika kwenye taa za barabarani akainama mbele akasema pole pole, "Kaka Barasa, wewe wakusikiza. Waambie ni yule mama. Amezinywa zote mbili." Nikawasha redio.

Alikaa hosteli ya ajenti miezi mitatu akingoja tiketi. Lile neno lilifika Kwale kabla yake. Mumewe alimpa talaka kwa simu.

Mimi nilimaliza mkataba. Sasa glasi ilikuwa kazi yangu, kumimina magharibi na kuosha asubuhi. Kila mara niliikuta tupu, na kila mara nilijiambia ni mzee. Mwezi mmoja alilazwa hospitali Riyadh, akanituma peke yangu, ili mkewe asikose glasi yake. Nilimimina, nikafunga mlango, nikatia ufunguo mfukoni, nikaenda chumbani kwangu karibu na lango. Katika nyumba ile hapakuwa na mtu. Asubuhi glasi ilikuwa tupu, kiti kimesogezwa nyuma, na kwenye kitambaa cha meza kulikuwa na duara jekundu bichi. Nililigusa kwa kidole, kikaloa. Niliosha glasi. Kulikuwa na nini kingine cha kufanya? Nilipokuwa naifuta, siogopi kukuambia, nilijikojolea kidogo.

Hilo sijui na sitajua. Lakini nataka uone nilivyolitumia. Nilisema, kumbe kweli yuko anayekunywa, basi na ile chupa ya pili aliichukua yeye, basi Mwanaisha angefukuzwa hata bila mimi. Miaka saba nimejificha nyuma ya chupa ya pili. Kila nikitaka kusema niliiba, sauti ndani yangu huuliza, na ile nyingine? Nikanyamaza, kana kwamba nadaiwa kujibu yote ndipo niruhusiwe kujibu langu.

Baada ya wewe kusoma ile anwani, nilimdanganya mama yako kwamba nina mkutano wa chama Nairobi, nikaenda Kwale. Mwanaisha anaishi kwa mama yake. Mama mtu alinipokea kwa wali na mchuzi wa nazi kabla hata sijakaa, akawaambia majirani huyu ndiye kaka aliyekuwa mwema kwa mwanangu huko Uarabuni. Nilikula. Chakula kilipita.

Mle ndani viti vyote vimegeuziwa ukutani. Nilipovuta kimoja nikae, cha kando yake kikageuka pia, na Mwanaisha aliruka akakikalia, mpaka mdogo wake alipokuja kumwinua na kukigeuzia ukutani tena. Hawezi kuvumilia kiti kitupu mezani. Amekonda, na huongea huku akitazama nyuma ya bega lako.

"Alinifuata, kaka," aliniambia. "Yule mama. Kwa kuwa nilimtaja. Nasikia harufu yake jioni. Siku ile nilikumbuka nilikupa wewe ufunguo, nikajiuliza. Halafu nikasema astaghfirullah, kaka Barasa ni mtu wa dini. Basi hakusalia mwingine ila yeye."

Umeelewa, Nafula? Ili asinishuku mimi, ilimbidi amwamini mzimu. Anaishi nao kwa ajili ya kunilindia jina. Nami nikamaliza chai yangu, nikamwambia aombewe, nikaondoka. Mara ya kwanza nilinyamaza kwa hofu ya kufungwa. Mara hii sikuwa na hofu ya kufungwa na bado nilinyamaza, na hapo ndipo nilipojiona mimi ni mtu wa namna gani.

Sikukatazi kwenda. Wewe ni mtu mzima, na kuna nyumba nzuri nyingi kule. Nasikia siku hizi hata wanawake wanaendesha magari, labda utarudi unaniringia usukani. Ninachokuomba ni kidogo. Siku ukisingiziwa jambo, na kando yako amesimama mtu wa kwenu, mtu mzima, mwenye adabu zake na dini yake, usimwinamishie macho. Mkazie. Mkazie mpaka aseme. Na siku utakapokuwa wewe ndiye uliyesimama kando, sema kipande chako hata kama huna cha kukikamilisha.

Nakupenda kuliko ninavyojua kusema, na ninaona haya kuandika hivyo baada ya haya niliyoandika.

Kesho jioni nikishakuona umepita ule mlango wa wasafiri, sitarudi Webuye. Nitapanda basi la Mombasa, nivuke Likoni, niende Kwale. Mama yako anajua. Nilimwambia leo alfajiri na mpaka sasa hajanisemesha. Nitamwambia Mwanaisha nilichofanya, mbele ya mama yake na majirani waliosikia nikisifiwa, na akikubali, mbele ya yule mwanamume aliyemwacha. Nitasema moja, kwa sababu nilichukua moja. Huenda harufu ikamwacha na huenda isimwache. Huenda wakanifukuza kwa mawe.

Kule unakokwenda Wakenya ni wengi, na habari ya namna hii haihitaji tiketi. Itakufikia kabla hujajua njia ya dukani. Mtu atakuuliza kama ni kweli baba yako aliiba mvinyo akamwachia mwanamke abebe. Usinitetee, mwanangu. Mtazame usoni useme ndiyo, ni yeye.

Baba yako,
Barasa